Baada ya kuacha uzazi wa mpango (2): Hesabu ya sindano si hesabu ya kijiti

Wiki iliyopita tulieleza jinsi njia za uzazi wa mpango zinavyozuia mimba. Leo nazungumza na mwanamke aliyekwisha kuziacha, anayetaka mtoto, na ambaye kila mwezi unaopita anaambiwa na wifi au jirani kwamba dawa zimeharibu kizazi chake. Maneno hayo yamevunja nyumba za watu, na si kweli. Tatizo kubwa ni kwamba tunahesabu miezi kwa namna moja, ilhali kila njia ina namna yake ya kutoka mwilini.

Kitanzi cha shaba hakina homoni. Kikitolewa, mimba inaweza kutunga mwezi huohuo, hata kama mwanamke alikaa nacho miaka 10. Kijiti kina homoni, lakini kikishatolewa mkononi homoni hiyo huisha kwenye damu upesi, na kwa wengi mayai huanza kupevuka ndani ya wiki chache. Vidonge navyo haviweki akiba mwilini.

Sindano ya miezi mitatu ni habari nyingine. Waliowahi kuchomwa wamemwona muuguzi akitikisa kichupa kabla ya kuvuta dawa. Dawa ile ni nyeupe, na chembechembe zake hutuama chini isipotikiswa. Chembechembe hizohizo ndizo zinazokaa kwenye msuli na kuyeyuka kidogokidogo, na ndiyo maana unaambiwa usipasugue mahali ulipochomwa. Kijiti ukikichoka kinatolewa. Dawa iliyokwisha kuingia msulini haina wa kuitoa, ni mpaka imalize kuyeyuka. Tarehe ya kurudi kliniki hupangwa mapema ili asiwepo hata mmoja atakayebaki bila kinga, lakini kwa wengi dawa huwa bado ipo siku hiyo inapofika.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa walioacha sindano hushika mimba, kwa wastani, takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Huo ni ucheleweshaji wa kama miezi minne ukilinganisha na walioacha njia nyingine. Chukulia mwanamke aliyechomwa mara ya mwisho Januari. Wastani wake unaangukia Novemba. Akilia mwezi Julai, analia kabla ya wakati. Hata Novemba ikipita bado hajawa mgonjwa, maana wastani una walio mbele na walio nyuma.

Je, aliyechomwa kwa miaka mingi atachelewa zaidi? Hapana. Wanawake wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, walifuatiliwa baada ya kuacha sindano ili wazae, na matokeo yakachapishwa mwaka 1980 katika jarida la The Lancet. Muda waliotumia sindano haukubadili kasi ya kushika mimba, na ndani ya miaka miwili zaidi ya 90 kati ya kila 100 walikuwa wameshika. Mwaka 2018 watafiti wa Ethiopia walikusanya tafiti 22 kuhusu walioacha njia mbalimbali. Wanawake 83 kati ya 100 walishika mimba ndani ya mwaka mmoja.

Wengi hutishwa zaidi na kutoona siku zao. Wanadhani damu imejikusanya tumboni na inahitaji kusafishwa. Ukweli ni kwamba sindano huufanya ukuta wa ndani wa kizazi ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna damu iliyofichika. Dawa za "kusafisha kizazi" zinazowekwa ukeni huweza kuleta michubuko na maambukizi, na maambukizi yakipanda ndiyo yanayoziba mirija. Nakusihi, usizitumie. Tena jua kwamba yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, kwa hiyo mimba inaweza kutangulia hedhi.

Hedhi ikisharudi, angalia ute. Siku unapokuwa mwepesi, angavu na unaovutika kama ute wa yai bichi, yai liko karibu kutoka. Siku za rutuba ni kama sita tu, kwa kuwa mbegu huishi hadi siku tano na yai halizidi siku moja. Kukutana kila baada ya siku moja au mbili kunatosha. Anza pia kumeza foliki asidi, miligramu 0.4 kila siku, kabla mimba haijatunga, ili kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.

Kuna jambo ambalo kinga hulificha bila kulisababisha, nalo ni umri. Aliyeanza sindano akiwa na miaka 28 na kuacha akiwa na 37 hajaharibiwa na dawa, ila mayai yake yamezeeka miaka tisa. Ndani ya miaka hiyo huenda alipata kisonono au klamidia bila kujua, na huenda mume wa leo si yule wa mtoto wa kwanza. Aliye chini ya miaka 35 na ajaribu mwaka mzima kabla ya kumwona daktari, na wa sindano auhesabu mwaka huo tangu kinga ilipokwisha. Aliyefikisha 35 asipitishe miezi sita. Mwenye maumivu ya nyonga au aliyewahi kuugua magonjwa ya zinaa aende mapema, bila kungoja miezi hiyo.

Na mume aende naye. Kupima mbegu ni kazi ya siku moja, wala hakuna kisu wala sindano. Ni dhuluma kumzungusha mwanamke hospitali hadi hospitali, kwa waganga hadi kwa waganga, huku mwanamume hajapimwa hata mara moja. Wiki ijayo tutaeleza vipimo vya wote wawili, kimoja baada ya kingine, na kipi kitangulie.