Nchi Inavyobisha Hodi Katika Jumuiya

Mtu haamki asubuhi akasema, "Leo mimi ni mwanachama wa chama cha ushirika." Kwanza huomba. Wanachama humwangalia kama anafaa. Kisha hukubali masharti na kulipa kiingilio. Nchi nazo hufanya hivyo zinapotaka kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Jumuiya ya kwanza ilianza mwaka 1967. Wanachama wake walikuwa Tanzania, Kenya na Uganda. Reli, bandari, posta na ndege zilikuwa za pamoja. Lakini nchi hizo hazikuelewana juu ya kugawana faida. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mwaka 1999 nchi hizo tatu zilitia saini mkataba mpya mjini Arusha.

Mkataba huo una masharti kwa nchi inayoomba kujiunga. Nchi hiyo ikubali mkataba wenyewe. Ifuate demokrasia, sheria na haki za binadamu. Iwe jirani wa nchi wanachama. Siasa yake ya uchumi ipatane na ya wenzake.

Hatua za kujiunga ni hizi:

1. Nchi hupeleka maombi.
2. Jumuiya hutuma wajumbe kwenda kuona hali ya nchi hiyo.
3. Pande mbili hujadiliana.
4. Wakuu wa nchi wanachama hukata shauri. Lazima wakubaliane wote.
5. Nchi hutia saini mkataba wa kujiunga, kisha huuridhia kwa kufuata sheria zake. Hati ya kuridhia hukabidhiwa kwa Katibu Mkuu. Hapo nchi huwa mwanachama kamili.

Safari hii yaweza kuwa ndefu. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007. Sudan Kusini iliomba mwaka 2011, ikaingia mwaka 2016. Kongo iliomba mwaka 2019, ikaingia mwaka 2022. Somalia iliomba mwaka 2012, ikangoja hadi mwaka 2024. Sasa wanachama ni wanane.

Kwa nini nchi hungoja miaka yote hiyo? Sababu moja ni biashara. Mizigo mingi ya mashariki ya Kongo hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Umoja wa forodha, ulioanza mwaka 2005, unakusudia bidhaa za wanachama zivuke mipaka bila ushuru wa forodha. Mwaka 2010 lilianza soko la pamoja, ili watu nao wavuke kwa urahisi kutafuta kazi. Lengo la mwisho ni shirikisho la kisiasa. Hilo bado halijafikiwa.

Lakini kuingia si kumaliza matatizo. Mwanachama hudaiwa mchango kila mwaka, na zipo nchi zilizochelewa kulipa. Tena, Kongo na Rwanda ziko katika Jumuiya moja, lakini ugomvi wao haukuisha. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Mkataba hufungua mlango tu. Amani ya nyumba hutengenezwa na wanaokaa ndani, na mwaka 1977 ulitufundisha kwamba nyumba yaweza kubomoka.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini lazima wakuu wote wakubaliane?
2. Mkulima wa kijiji chetu anapata faida gani mipaka ikiwa wazi? Anaweza kupata hasara gani?
3. Je, nchi yenye vita ikubaliwe kwanza, au imalize vita kwanza?