Kiwavi wa Mndimu na Penseli

Mpe mtu mzima penseli, umwambie achore mende bila kumtazama. Wengi wataitundika miguu tumboni. Tunaishi na mende nyumba moja, tunamfukuza kwa kandambili, na bado hatujui miguu yake inaanzia wapi. Yote sita hutoka kifuani, mabawa pia. Anayechora wadudu hulijua hilo siku ya kwanza, kwa sababu mchoro wake unakataa kukaa sawa mpaka alijue.

Aliyeifikisha mbali kazi hii ni Maria Sibylla Merian, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647. Alikuwa na miaka 13 alipoanza kufuga viwavi wa hariri na kuchunguza namna wanavyobadilika, zama ambazo wengi waliamini wadudu huzuka tu kwenye matope na uozo. Yeye alichora kiwavi, pupa na kipepeo kwenye ukurasa mmoja, juu ya mmea uleule anaoula kiwavi. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda meli na bintiye Dorothea kwenda Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika ya Kusini. Maradhi yalimrudisha mwaka 1701, na kitabu chake chenye picha 60 kikatoka Amsterdam mwaka 1705. Kule msituni waliomfyekea njia na kumletea wadudu walikuwa watumwa, na kitabu kinawataja bila majina. Kila nikizitazama picha zile, jambo hilo linanikera.

Picha moja inaonyesha buibui mkubwa akila ndege. Karne ya 19 wasomi waliibeza kuwa ni uzushi, hadi mtafiti wa viumbe Henry Walter Bates alipoeleza mwaka 1863 kwamba ameshuhudia jambo kama hilo Amazon.

Kwetu hakuna haja ya meli. Kagua majani machanga ya mndimu au mchungwa. Kiwavi wa yule kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, akiwa mdogo, ni kama kinyesi cha ndege kabisa: kahawia, na baka jeupe mgongoni. Ndege humpita bila kumjali. Akijivua ngozi mara ya nne anakuwa wa kijani. Mguse kidogo, na pembe mbili laini za rangi ya chungwa zitachomoza nyuma ya kichwa zikitoa harufu kali, kisha zirudi ndani kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Mfuge kwenye chupa pana yenye matundu, umpe majani ya mti uleule, umchore kila anapobadilika. Mwenye shamba la machungwa atakushangaa, maana yeye huwaua.

Usianze na kipepeo mwenyewe, lakini. Mabawa yake yanakutia tamaa ya kupaka rangi kabla ya kupima. Anza na mbawakawa aliyekufa chini ya taa ya barazani, huyo hakimbii. Mpime kwa rula, tumia lenzi kuhesabu pingili za papasi zake, ndipo ushike rangi za maji. Mng'aro wa mgongo haupakwi: unaiacha karatasi ibaki nyeupe pale mwanga unapopiga.

Kereng'ende ndiye mgumu. Wengi wao rangi hufifia wakishakufa, kwa hiyo nenda bwawani na bluu yako ikiwa imeshachanganywa.