Shule Ndogo ya Kijiji: Kweli au Si Kweli?

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, kijiji kizima hugeuka mkaguzi wa elimu. "Mwaka jana walifaulu wote, mwaka huu wameporomoka. Walimu wamelala!" Kabla hamjamkalia kikao mwalimu mkuu, tupime madai manne yanayosikika kila mwaka vijijini Tanzania.

1. "Ufaulu umeshuka kutoka asilimia 100 hadi 75, shule imeoza."

SI KWELI. Uliza kwanza walifanya mtihani wangapi. Penye watahiniwa wanane, mtoto mmoja ni asilimia 12.5. Wakikwama wawili, mmoja kwa homa na mwingine kwa utoro wa msimu wa kilimo, mmeshafika 75. Penye watahiniwa 100, wawili haohao wangeiacha shule na 98. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipokuwa likipanga nafasi za shule, lilitenga zenye watahiniwa chini ya 40 na zenye 40 au zaidi. Tazameni matokeo ya miaka mitano kwa pamoja, si ya mwaka mmoja.

2. "Uandikishaji ukipungua, wazazi wameikimbia shule."

SI LAZIMA. Huenda kitongoji cha pili kimepata shule shikizi, yaani tawi la shule mama. Fedha za kukabili UVIKO-19 za mwaka 2021 pekee zilitengwa kujenga madarasa 3,000 ya shule hizo. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa akivuka korongo alfajiri sasa anasoma jirani na kwao. Rejista ya shule mama imepungua, lakini mtoto hakupotea.

3. "Wanafunzi 90, walimu wawili: uwiano uko sawa."

SI KWELI. Kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 kimetimia kwenye karatasi tu. Kuna darasa la awali, kisha la kwanza hadi la saba: madarasa manane kwa watu wawili. Ndiyo maana unakuta chumba kimoja chenye mbao mbili. Darasa la tatu wametazama huku, la nne wamewapa mgongo, na mwalimu yuko katikati, chaki mkononi. Akiwafundisha hawa kugawanya, wale wananakili.

4. "Watoto wakipungua, na fedha hupungua."

KWELI. Ruzuku huhesabiwa kwa kichwa. Elimu bila ada ilipoanza 2016, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati yake zikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho, shule ya wanafunzi 90 ilipata 45,000 kwa mwezi. Paa nalo halivuji nusu kwa sababu watoto ni nusu.

Basi kwenye mkutano wa kijiji, ombeni rejista kabla ya asilimia. Watahiniwa wanane tunaweza kuwajua wote kwa majina: nani hakufika shule wiki nzima, na nani nyumbani hana wa kumfungulia daftari jioni. Tuanzie kwa huyo.