Wapagazi na Ugonjwa wa Mlimani

Vijana wengi wa mkoa wa Kilimanjaro hupata kazi ya kubeba mizigo ya watalii wanaopanda mlima. Kazi hiyo ina hatari yake.

Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895. Huko juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi huingiza oksijeni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea. Kuzaliwa Marangu hakumkingi mtu, wala nguvu za ujana.

Kabla ya safari, tafuta viatu imara, koti la mvua na nguo nzito. Nguo zikilowa, baridi ya huko huua. Mzigo usizidi kilo 20. Mwenye homa au kikohozi asiende.

Kichwa kikiuma na ukiona kichefuchefu, usipande zaidi mpaka upone. Mwambie kiongozi wa msafara. Wengine huficha, wakiogopa kukosa ujira. Usifiche!

Mwenzako akiyumba kama mlevi, au akihema hata akiwa amekaa, msimwache alale mkingoja asubuhi. Mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku. Asishuke peke yake.