Kuchagua Mtaa wa Kupanga kwa Muda Mfupi Jijini Dar es Salaam

Watu wengi kutoka mikoani na nchi jirani huingia Dar es Salaam kwa shughuli zisizochukua muda mrefu: kumuuguza ndugu anayetibiwa, kuhudhuria mafunzo ya miezi miwili, kufanya kazi ya mkataba mfupi au kufuatilia mzigo bandarini. Mtu wa namna hii hahitaji nyumba ya kuishi miaka. Anahitaji chumba kwa majuma manne, manane au kumi na mawili. Kwa kuwa muda ni mfupi, baadhi yao hudhani kwamba mtaa wowote utafaa, mradi kodi iwe nafuu.

Dhana hiyo ina hasara. Mpangaji wa kudumu akikosea mtaa, anayo nafasi ya kuuzoea au kuhama. Mpangaji wa muda mfupi akikosea, muda wake humalizika kabla hajarekebisha kosa, na fedha aliyokwisha kulipa mara nyingi hairudi. Iwapo amekuja na mgonjwa, kosa hilo laweza kugharimu zaidi ya fedha. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuupima mtaa kabla ya kukipima chumba.

Anza na mahali pa shughuli

Hatua ya kwanza ni kufahamu kwa uhakika mahali utakapokwenda kila siku. Usitosheke na jina la taasisi; fahamu jengo na eneo lilipo. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya "Muhimbili" anaweza kuwa anatakiwa Upanga, karibu na katikati ya jiji, au Mloganzila, ambako huduma hizo hutolewa mbali sana na Upanga, upande wa Barabara ya Morogoro. Anayekwenda katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road atakuwa kando ya bahari, katikati ya jiji. Aliyepanga Upanga na kumbe kliniki yake iko Mloganzila atalivuka jiji karibu lote kila asubuhi. Soma barua ya rufaa au ya mwaliko kwa makini, na piga simu kuuliza kabla ya kumtafuta dalali.

Tahadhari na majina ya maeneo

Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Majina haya hutumika kwa wilaya nzima na pia kwa eneo dogo ndani yake. Tangazo linalosema "chumba kinapangishwa Kinondoni" laweza kumaanisha Kinondoni yenyewe, isiyo mbali na katikati ya jiji, au Bunju, iliyo pembezoni kabisa mwa wilaya hiyo. Vivyo hivyo, Wilaya ya Ilala inafika hadi Chanika, na Wilaya ya Temeke inafika hadi Chamazi.

Jina lingine linalowapotosha wageni ni Mbezi. Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo, ilhali Mbezi ya Kimara, iitwayo pia Mbezi Louis, iko kwenye Barabara ya Morogoro, kilipo Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli. Maeneo haya mawili yako mbalimbali, na njia za usafiri wake ni tofauti. Kwa hiyo, muulize mwenye nyumba kata, mtaa, kituo cha daladala kilicho karibu na dakika za kutembea kutoka kituoni hadi mlangoni. Asiyeweza kujibu maswali haya manne huenda hakijui chumba anachokinadi.

Pima umbali kwa saa, si kwa kilomita

Katika jiji hili, kilomita hazielezi muda wa safari. Asubuhi magari mengi huelekea katikati ya jiji, na jioni hurudi pembezoni, kwa kupitia barabara kuu chache: Morogoro, Bagamoyo, Nyerere na Kilwa. Mpangaji anayesafiri kinyume cha mkondo huo, kwa mfano anayeishi Sinza na kufanya shughuli zake Mbezi ya Kimara, aghalabu hutumia muda mfupi kuliko anayesafiri umbali huohuo pamoja na umati.

Aina ya usafiri nayo huathiri muda. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza huduma mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya Morocco na Gerezani, hupita katika njia zake maalumu na hayasimamishwi na foleni ya magari mengine. Hata hivyo, msongamano vituoni na ndani ya mabasi wakati wa asubuhi si jambo dogo kwa mgonjwa, mzee au mama mwenye mtoto mchanga. Kwa upande wa Kigamboni, mpangaji atategemea kivuko cha Magogoni au Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Aulize muda wa kusubiri kivuko, nauli, na tozo ya daraja iwapo atatumia gari.

Tunashauri ufanye safari ya majaribio mara moja kabla ya kulipa kodi, katika siku ya kazi na saa ileile utakayokuwa ukisafiri. Safari ya Jumapili mchana haikupi picha ya Jumatatu alfajiri.

Hesabu gharama kamili

Kodi ya chumba ni sehemu tu ya gharama ya kuishi katika mtaa. Tuchukue mfano wa mtu anayemuuguza ndugu yake katika tiba ya mionzi, ambayo aghalabu hutolewa siku tano kwa juma kwa majuma kadhaa. Kwa mwezi mmoja watasafiri takribani siku 22, na kwa kuwa mgonjwa hawezi kusimama kwenye basi, watatumia bajaji. Viwango vifuatavyo tumevikadiria kwa ajili ya hesabu tu.

Chumba cha kwanza kiko mbali. Kodi yake ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na bajaji ya kwenda na kurudi ni shilingi 12,000 kwa siku. Usafiri wa siku 22 utakuwa shilingi 264,000, na jumla ya gharama ni shilingi 414,000. Chumba cha pili kiko karibu. Kodi yake ni shilingi 280,000, na bajaji ni shilingi 4,000 kwa siku. Usafiri utakuwa shilingi 88,000, na jumla ni shilingi 368,000. Chumba kilichoonekana ghali kina unafuu wa shilingi 46,000, mbali na saa za kupumzika ambazo mgonjwa atazipata.

Kinyume chake pia hutokea. Anayekwenda kwenye shughuli zake mara mbili tu kwa juma anaweza kunufaika kwa kupanga mbali. Fanya hesabu hii kwa safari zako mwenyewe, kwa bei utakazoziuliza katika mtaa husika.

Maji, umeme na mvua

Uliza maji hutoka siku zipi, na kama nyumba ina kisima au tangi la akiba. Fungua bomba mwenyewe. Kuhusu umeme, uliza kama chumba kina mita yake ya LUKU au wapangaji wote hutumia mita moja, na kama ni moja, wanachangiaje. Ni vema pia kufahamu kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa LUKU. Kodi hiyo ni wajibu wa mmiliki wa jengo. Mpangaji anayenunua umeme akubaliane na mwenye nyumba mapema namna makato hayo yatakavyofidiwa.

Majira ya safari yako nayo yaamue mtaa. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katika bonde la Mto Msimbazi, maji yakizidi huingia majumbani, na Barabara ya Morogoro imewahi kufungwa eneo la Jangwani kwa sababu hiyo. Mgeni akitazama ramani ataona Magomeni na Upanga zikikaribiana, lakini kati yake kuna bonde hilo. Wakati wa mvua kubwa aliyepanga Magomeni anahitaji kuijua njia ya pili. Chumbani, tazama kama kuna mstari wa unyevu sehemu ya chini ya ukuta, au kizingiti kilichojengwa juu kupita kawaida mlangoni. Hizo ni dalili kwamba maji yamewahi kufika hapo.

Usalama: waulize wenyeji

Tembelea mtaa mara mbili, mchana na baada ya saa moja usiku. Angalia kama njia ya kutoka kituoni ina taa na watu. Zungumza na muuza duka, mama lishe au vijana wa bodaboda walio karibu. Hawa hawapati kamisheni ya chumba, na hujua vibaka hupita wapi na baa gani hupiga muziki hadi alfajiri. Kuuliza si ujinga.

Fika pia katika ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mgeni anatarajiwa kujitambulisha hapo, na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa anaweza kukuthibitishia kama mtu anayedai kuwa mwenye nyumba anafahamika.

Kabla ya kutoa fedha

Mgeni mwenye haraka ndiye anayelengwa na matapeli. Tunasisitiza mambo yafuatayo:

1. Usitume fedha ya kukishikilia chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona kwa macho. Picha za mtandaoni zaweza kuwa za nyumba nyingine.

2. Kubaliana na dalali kuhusu malipo yake kabla ya kuanza kuzunguka naye. Uliza kama anatoza ada ya kukuonyesha vyumba, na kama ada hiyo hukatwa katika kamisheni.

3. Taja muda wako tangu mwanzo. Baadhi ya wenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Usikubali kulipia miezi usiyoihitaji kwa ahadi ya mdomo kwamba kiasi kitakachobaki kitarudishwa.

4. Unapolipa kwa simu, hakikisha jina linalotokea linalingana na la mwenye nyumba. Ukipokea ujumbe unaodai kutoka kwa mwenye nyumba na kukutaka utume kodi kwenye namba nyingine, mpigie kwa namba unayoijua. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

5. Dai maandishi na stakabadhi. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaruhusu upangaji usiozidi mwaka mmoja ufanywe hata kwa mdomo, lakini maneno ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha. Karatasi moja yatosha: majina, chumba, tarehe ya kuanza na kumaliza, kiasi kilicholipwa, mgawanyo wa maji na umeme, na masharti ya kurudishiwa amana.

Kwa asiye na mwenyeji jijini, tunashauri alipie siku mbili au tatu katika nyumba ya wageni iliyo karibu na mahali pa shughuli yake, kisha atafute chumba akiwa hapo. Gharama ya siku hizo ni ndogo ikilinganishwa na kodi ya miezi mitatu katika mtaa asiouweza.

Mgogoro ukitokea

Anza kwa kuzungumza na mwenye nyumba, mkiwa na maandishi yenu. Mkishindwa kuelewana, peleka suala hilo kwa Serikali ya Mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi. Likishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina mamlaka ya kulisikiliza. Njia hizi huchukua muda, na mpangaji wa majuma manane huenda akawa amekwisha kurudi kwao kabla ya uamuzi kutolewa. Ndiyo maana tunamhimiza mlaji aulize, aone na aandikishe kabla fedha haijatoka mkononi mwake.