UFUNGUO WA EBOLA NA KUFULI YA MLANGO WA NDANI

Mwezi wa 8 mwaka 2019 habari ilishuka kutoka Mwenga: Ebola imeingia Kivu ya Kusini. Mama mmoja kijana alikuwa ametoka Beni na mtoto wake mchanga. Mama akafa, na mtoto naye akakutwa na ugonjwa. Ninyi wasomaji wa Misisi, Lulimba na Baraka mnajua kwamba Mwenga inapakana na Fizi yetu, na mchimbaji akisikia dhahabu imetoka Kamituga, kesho yake amefunga mzigo. Hofu haikuwa ya bure.

Bahati njema, kule Mwenga ugonjwa ulizimwa kabla ya kukamata watu wengi. Lakini kuna habari nyingine ya mwezi ule ule ambayo haikutembea sana sokoni. Tarehe 9, wiki moja tu kabla ya Mwenga kutangazwa, waganga waliokuwa wakijaribu dawa nne za Ebola huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina walisimamisha majaribio, sababu dawa mbili zilikuwa zimeonekana wazi kushinda zingine. Moja ya hizo mbili ilitoka katika damu ya Mkongomani.

Vijana huuliza swali zuri: «Hiyo dawa inajuaje kwamba huyu ni Ebola na huyu ni mwili wangu?» Haijui kitu. Dawa haina macho. Inayo umbo tu, na umbo lake linaingia mahali fulani na kukataa mahali pengine. Basi tuangalie hayo maumbo.

Mwili wetu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina vipokezi, ni kusema protini zenye umbo la pekee, kama kufuli inayongoja ufunguo wake. Virusi haviwezi kuzaana nje ya seli, vinalazimika kuingia. Virusi visivyo na ufunguo wa kufuli hiyo vinabaki uani.

Miaka mingi wataalamu walitafuta kufuli ya Ebola kwenye ngozi ya seli, wala hawakuiona. Mwaka 2011 ndipo ilipojulikana: inaitwa NPC1, na haiko mlango wa nje hata kidogo! Iko ndani, kwenye vifuko ambavyo seli hutumia kusagia vyakula. Kazi yake ya kila siku ni kupitisha mafuta ya kolesteroli. Kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa na NPC1 iliyoharibika, nao huugua vibaya kwa sababu mafuta yanajaa ndani ya seli zao. Seli za wagonjwa hao zilipowekewa Ebola katika maabara, hazikushikwa. Ugonjwa mmoja ulifichua siri ya mwingine.

Sasa mwizi anafikaje mlango wa ndani? Anabebwa na mwenye nyumba. Seli inameza virusi kama inavyomeza vitu vingi, inavifunga katika kifuko na kuvipeleka ndani. Ufunguo wa Ebola ni protini iliyosimama juu ya virusi kama miiba, nao umevikwa kofia ya sukari, kiasi kwamba askari wa damu wakipita wanaona kofia tu. Ndani ya kifuko, makasi ya seli yenyewe yanakata ile kofia. Hapo meno ya ufunguo yanatokea, yanaingia katika NPC1, mlango unafunguka, na virusi vinamwaga mzigo wao. Mwaka 2016 picha za ufunguo na kufuli zikiwa zimeshikana zilipatikana: NPC1 ina vidole viwili vinavyoingia katika shimo dogo la ufunguo wa Ebola.

Tumefika kwenye dawa, na hapa turudi kidogo Kikwit. Mwaka 1995 Ebola ilikamata watu 315 huko, na katika kila watu 5 walikufa 4. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona, na 7 wakapona. Wengi ulaya walisema 8 ni wachache mno, hauwezi kujenga elimu juu yao. Walikuwa na haki kidogo. Lakini Muyembe hakuacha lile wazo. Miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu tena, na ndani yake bado mlikuwa na seli zilizokumbuka Ebola! Kutokana nazo wataalamu wa Marekani na Uswisi, pamoja na INRB ya Kinshasa, walitoa kingamwili moja, yaani askari mmoja wa damu, wakamwita mAb114.

Kwa nini huyu na si mwingine? Ni sababu ya umbo. Kuna kingamwili zinazoshika kofia ya virusi. Kofia ikikatwa ndani ya kifuko, zinaanguka nayo, kama mtu aliyemkamata mwizi kwa koti akabaki na koti mkononi. Mmoja wa askari watatu wa dawa ya zamani, ZMapp, alishika namna hiyo. mAb114 inapita chini ya kofia na kushika meno yenyewe. Inamezwa pamoja na virusi, kofia inakatwa, yenyewe inabaki pale pale. Ufunguo ukifika kwenye kufuli umejaa kama ufunguo uliozibwa kwa nta. Nyani waliopewa kingamwili hiyo siku 5 baada ya kuambukizwa walipona.

Dawa ya pili, REGN-EB3, ilitengenezwa kwa njia nyingine. Ni askari watatu waliotoka katika panya waliopewa chembe za urithi za binadamu, na walichaguliwa ili kila mmoja ashike sehemu yake bila kumsukuma mwenzake.

Matokeo ya Beni na Butembo ni haya. Kati ya wagonjwa 100 waliopewa ZMapp walikufa karibu 50, na kwa dawa ya remdesivir 53. Kwa mAb114 walikufa 35, na kwa REGN-EB3 karibu 34. Na waliofika hospitali mapema, virusi vikiwa bado vichache katika damu? Kwa mAb114 walikufa 10 tu kati ya 100. Mama anayeficha homa ya mume wake siku tano aisome hesabu hii mara mbili, maana askari akichelewa anakuta milango imekwisha kufunguliwa. Dawa inatolewa mara moja tu, kwa serumu ya mshipa. Zote mbili zilipewa ruhusa Marekani mwaka 2020. mAb114 inauzwa kwa jina la Ebanga.

Lakini tusidanganyane. Dawa hizi zimeruhusiwa kwa Ebola ya aina ya Zaire peke yake. Ebola ya Isiro ya mwaka 2012 ilikuwa ya aina ya Bundibugyo, na ile ya Uganda ya mwaka 2022 ilikuwa ya Sudan. Zote zinafungua kufuli ile ile ya NPC1, lakini sehemu ya ufunguo ambayo mAb114 inashika imechongwa tofauti kidogo, na tofauti kidogo inatosha askari kuteleza. Wengine wanauliza: si tuzibe kufuli yenyewe, maana ni moja kwa zote? Wazo si baya, ila seli inahitaji mlango ule kwa mafuta yake, na tumekwisha kuona yanayowapata watoto ambao kufuli yao imeharibika. Ndiyo maana utafutaji mwingi umerudi kwenye ufunguo, kutafuta sehemu ambayo ndugu hao wote wanafanana, ili askari mmoja aweze kuwashika wote.