Kufufua Msumeno wa Injini kwa Spea Zilizokwisha Tumika

Katika sehemu za Kesses, karibu na Eldoret, mikaratusi imepandwa katika mashamba mengi, na mpasuaji mbao huitwa kuangusha mti na kuupasua papo hapo. Chombo chake ni msumeno wa injini, ambao mara nyingi aliununua ukiwa mkuukuu. Injini ikifa, fundi hutafuta msumeno mwingine mbovu wa namna ile ile, akatoa humo spea zinazofaa. Desturi hii ni njema, kwani huokoa fedha nyingi. Lakini mara nyingi kazi huharibika kwa sababu fundi hutia pistoni ya pili kabla hajajua ya kwanza iliuawa na nini.

Yafaa ieleweke kwamba injini hii ni ya mipigo miwili. Haiwekewi oili peke yake kama injini ya gari. Oili yake yote huja imechanganywa na petroli. Basi hewa ikipenya mahali pasipopasa, petroli hupungua katika mchanganyiko, na oili hupungua pamoja nayo. Pistoni hupata moto, hutanuka, na alumini yake hujipaka juu ya ukuta wa silinda. Mara nyingi hewa hiyo hupenya kwenye sili za mpira zilizo katika ncha mbili za kranki, ambazo hukauka kwa uzee. Mwenye kubadili pistoni na kuziacha sili hizo ataifungua injini ile ile tena baada ya siku chache.

Pistoni na silinda ni bora zitoke pamoja katika msumeno mmoja, maana zimekwisha zoeana. Fundi apitishe ukucha ndani ya silinda. Alumini iliyoganda juu yaweza kuondolewa taratibu kwa msasa laini. Lakini ukucha ukinasa katika mkwaruzo, au ikiwa ngozi ngumu ya ndani imebanduka, silinda hiyo haifai hata akipewa bure. Sili, gasketi, na vibanio vidogo vya waya vinavyoshika pini ya pistoni vinunuliwe vipya. Kibanio kimoja kikichomoka, silinda nzima imekwisha. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee upande wa bomba la moshi.

Kabla ya kuwasha, tundu la kabureta na la moshi yazibwe kwa mpira, hewa isukumwe ndani kwa pampu mpaka nusu ya baa, isizidi, kisha maji ya sabuni yapakwe kwenye maungio yote. Povu likitokea, hapo ndipo penye ugonjwa.

Liko jambo jingine ambalo watu wa nyanda za juu husahau. Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kwa hiyo kabureta hurekebishwa ipitishe petroli kidogo. Msumeno huo ukishushwa Kisumu, penye mita 1,100 hivi, hewa nzito huufanya ukose petroli na oili, na pistoni iliyotiwa juzi huungua. Anayeshuka nao aifungue kidogo skrubu ya petroli kabla ya kukata mti wa kwanza.